Kununua Redio Itakayohimili Hewa ya Bahari

Redio nyingi zinazokufa katika kisiwa cha Mombasa hazifi kwa kuanguka. Fundi akizifungua hukuta sakiti haina ufa na spika iko mahali pake, lakini spring za betri zimeliwa na kutu, swichi imeganda, na karatasi ya spika imelegea kwa unyevu. Hewa ya bahari ndiyo iliyoziua, polepole, hata zile zilizokaa ndani ya nyumba za Kibokoni au Kuze bila kuguswa na tone la maji. Anayetafuta redio ya kubeba kazini, awe mwashi, fundi wa majahazi, mvuvi, hamali wa Marikiti au muuza kahawa wa jioni, na amjue adui huyu kabla hajatazama rangi, ukubwa wala taa zinazomemeta.

Maduka ya Mwembe Tayari na Barabara ya Digo yamejaa redio za kila sura, na nyingi huuzwa kwa sifa ya sauti kubwa, blutuu, taa za rangi na mahali pa kutia flashi. Mambo hayo hayana ubaya, ila hakuna hata moja litakaloifanya redio ifike mwaka wa pili juu ya jukwaa la ujenzi au ndani ya mashua. Redio ya kazi ni ile inayoshika stesheni yako pale pale unapofanyia kazi, isiyopenywa na chumvi na vumbi, na isiyokufanya mtumwa wa kununua betri kila juma.

Wako watakaosema simu yatosha. Simu nyingi zenye FM hutaka uchomeke waya wa masikioni ndipo zishike, kwa kuwa waya huo ndio antena yake. Na mtu aliyeziba masikio kwenye mjengo hasikii akipigiwa kelele kwamba tofali laja. Kusikiza kwa intaneti nako kunakula bando na chaji, na simu ndiyo hiyo hiyo unayoitegemea kwa M-Pesa na kwa wito wa kazi ya kesho. Iache simu mfukoni, mzigo wa redio ubebwe na redio.

Jiulize kwanza unasikiza nini. Kama ni Radio Rahma, Baraka FM, Pwani FM au Radio Salaam, basi huhitaji zaidi ya FM nzuri. Lakini FM nzuri katika Mji wa Kale si jambo la kubahatisha. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na nyumba zetu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zimesongamana, katikati yake vichochoro, juu mabati. Mawimbi huzuiwa hapa na kurudishwa pale, hata ukasogeza redio hatua mbili kwenye baraza ukaona stesheni iliyokuwa ikikwaruza imekuwa safi. Urefu wa wimbi la FM ni kama mita 3, na antena hufanya kazi vyema ikiwa robo ya hapo, yaani sentimita 75 hivi. Zile redio za kiganja zenye antena ya urefu wa kalamu zitakuvunja moyo ukiwa chini ndani ya jumba la ghorofa linalokarabatiwa Ndia Kuu, hata kama dukani, barabarani peupe, zilisikika kama zimekaa studio.

Wazee wengi wa mjini wana mazoea ya masafa mafupi na ya kati, na mazoea hayo yana asili. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na stesheni yake, Sauti ya Mvita. Tarehe 27 Juni 1957 Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza kurusha matangazo kutoka London, na Deutsche Welle ikafuata kutoka Ujerumani mwaka 1963. Redio ya Zanzibar kwa miaka mingi imesikika kwenye kilohezi 11735. Leo idhaa za nje zimepunguza sana masafa mafupi na vipindi vyao hupitia stesheni za FM na intaneti, kwa hivyo sikushauri mtu wa mjini alipe pesa za ziada kwa ajili ya masafa mafupi pekee. Kwa mvuvi au nahodha, ushauri wangu ni mwingine kabisa. Ukishaipa pwani kisogo, FM hufifia, na masafa ya kati na mafupi ndiyo yanayobaki. Tena huko baharini yanasikika vizuri kuliko mjini, kwa sababu hakuna taa za LED wala chaja za bei rahisi zinazotoa ule mvumo unaoyafunika. Ukiwa kwenye masafa ya kati usihangaike na antena ya nje. Antena yake imo ndani, ni kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, kwa hivyo igeuze redio yenyewe taratibu mpaka sauti inyooke.

Kisha kuna redio zinazotoka nje ya nchi, na mji wa bandari kama wetu hauzikosi. Kila aliyenunua gari lililotumika Japani na kushushwa Kilindini anajua kisa cha redio ya gari isiyoshika stesheni zetu mpaka ifungwe ekspanda, kile kifaa cha kuyahamisha masafa: FM ya Kijapani ya zamani huanzia megahezi 76 na kuishia 90, na yetu huanzia 88 hadi 108. Redio za mkono za kutoka huko zina tatizo hilo hilo, na hizo hakuna anayezifungia ekspanda. Za Marekani hushika 88 hadi 108, lakini zile za tarakimu mara nyingi huruka kwa hatua za Kimarekani, 88.1 kisha 88.3, zikaziacha stesheni zenye desimali shufwa. Na kwenye masafa ya kati huruka kilohezi 10 ambapo huku kwetu hatua ni 9. Baadhi zina kitufe cha kubadilisha, muulize aliyekuletea. Tazama chaja yake pia: nyingine zimetengenezewa volti 120 tu, nasi stima yetu ni 240. Jamaa yako akikuletea redio kutoka Dubai au Muscat, huko plagi ni ya pini tatu kama yetu, umeme unalingana na FM ni ile ile. Za Ulaya nyingi huandikwa DAB, yaani redio ya kidijitali, na bei yake hupanda kwa ajili hiyo. Hapa DAB haina kitu cha kukusikizisha, basi usiilipie.

Sasa chumvi na vumbi. Kwenye boksi la redio iliyotengenezwa kwa kazi za nje utaona herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi na hufika 6. Ya pili ni ya maji na hupanda mpaka 9. Redio ya IP54 huvumilia vumbi kiasi na maji ya kurushiwa. IP65 haiingii vumbi kabisa na hustahimili maji ya mpira wa bomba. IP67 imejaribiwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Ukiona X mahali pa tarakimu ya kwanza, kama IPX5, ujue haikupimwa kwa vumbi, na kwa mwashi hilo ni jambo zito, maana unga wa saruji na chokaa ni mwembamba kuliko mchanga wa pwani na ukiingia kwenye kitufe cha sauti hautoki tena. Maneno matupu ya kwamba redio "haiingii maji", bila tarakimu, usiyahesabu.

Lakini tarakimu hizo nazo zina mpaka wake, na hapa ndipo watu wa pwani wanapoumia. Majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi masafi. Hakuna aliyeiweka redio hiyo juu ya ngome ya mashua katika kusi ya Juni akaiacha inyunyiziwe maji ya chumvi na kukauka, inyunyiziwe na kukauka, mpaka Septemba. Chumvi iliyokauka huvuta unyevu wa hewa na kuendelea kula chuma hata usiku redio ikiwa imelala ndani. Kwa hivyo chukua sumaku ndogo ukienda dukani. Iguse antena na skrubu za nje. Sumaku ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa tu, na rangi hiyo ya fedha itaota kutu. Isiponata, huenda ni shaba iliyopakwa kromu au chuma kisichoshika kutu, nayo itadumu. Tazama pia antena imefungwaje. Nzuri ni ile iliyofungwa kwa skrubu moja unayoweza kuifungua na kuweka nyingine, au ile nene ya mpira inayopinda bila kuvunjika. Kwenye mjengo antena ndiyo hufa kwanza kwa kugongwa.

Spika ichunguze kupitia wavu wake kwa mwanga wa tochi. Ikiwa ni karatasi tupu, unyevu wa miezi ya mvua ya Aprili na Mei utailegeza na sauti itaanza kukoroma. Tafuta yenye utando wa plastiki au karatasi iliyopakwa kinga. Kisha fungua na ufunge vifuniko vya mpira vya tundu la chaji na la flashi. Redio ya IP67 ambayo kifuniko chake kimening'inia wazi haina IP yoyote, na kifuniko kilicholegea dukani hakitakaza kazini.

Suala la nguvu ya umeme ndilo ningependa msomaji alitulie zaidi, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea kila mwezi bila kuonekana. Shida hii ni ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitoa redio ya bati la aluminiamu, duara, ya rangi ya samawati, iliyotengenezwa mahususi kwa wasikilizaji Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo; ikapewa jina la sufuria kwa umbo lake. Redio iliuzwa pauni 5, na betri yake ilinunuliwa kando kwa pauni 1 na shilingi 5. Robo ya bei ya redio nzima, kila betri ikiisha. Hesabu ya namna hiyo ndiyo unayopaswa kuifanya leo kabla ya kutoa pesa.

Betri kavu kubwa za D bado ni chaguo bora kwa anayekaa mbali na soketi. Moja ya alkali hubeba takriban mara 5 ya ile nyembamba ya AA, kwa hivyo redio inayotumia D itakula betri chache kwa mwaka, japo ni nzito mkononi. Jihadhari na zile za bei ya chini za zinki. Kopo lake lenyewe ndilo linaloliwa kadiri betri inavyotumika, na likitoboka, maji yake huteremka kwenye spring na kufanya kazi ambayo chumvi ingeifanya kwa miaka.

Redio ndogo nyingi za sokoni hutumia betri bapa ya BL-5C, ile iliyokuwa kwenye simu za Nokia. Faida yake kubwa ni kwamba inapatikana kila kibanda. Nyingine hutumia betri ya mviringo ya lithiamu ya 18650, na hapo fungua macho. Zile bora kabisa duniani za ukubwa huo hubeba kama miliamp-saa 3500. Ukiona imeandikwa 9900, huo ni uongo uliochapishwa, na mara nyingi ndani mna chini ya hata ile ya kawaida. Ipime kwa mkono: halisi huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na bandia huwa nyepesi. Na betri yoyote ya lithiamu usiiache juani juu ya bati au ndani ya gari lililofungwa. Ikivimba, itoe na usiichaji tena.

Redio nyingi sasa huja na kioo cha sola mgongoni. Nakuomba ufanye hesabu. Kioo cha ukubwa wa kiganja chenye wati 0.3 kinachochaji BL-5C yenye wati-saa karibu 3.8 kitahitaji zaidi ya saa 12 za jua la utosini, bila kuhesabu kinachopotea njiani, yaani siku mbili au tatu za kweli. Kitakusaidia kurefusha chaji, hakitaibeba redio peke yake. Mkono wa kuzungusha nao uko hivyo. Mwingereza Trevor Baylis aliileta fikra hiyo katika miaka ya 1990 na redio za Freeplay zikaundwa Cape Town, zikiwa na springi kubwa ya kweli ndani. Nyingi za leo zina dainamo ndogo inayotia chaji kidogo kwenye betri ndogo, nzuri kwa dharura ya kusikiza habari, si kwa kutwa nzima ya kazi.

Kwa fundi mwenye drili au grainda za betri za Makita, Bosch au DeWalt, kampuni hizo hutengeneza redio za mjengo zinazotumia betri zile zile. Betri ya volti 18 ya amp-saa 5 ina wati-saa 90, zaidi ya mara 20 ya BL-5C, na redio yenyewe huwa imezungushiwa fremu ya mpira inayoweza kuanguka kutoka jukwaani. Kama betri unazo tayari, hilo ndilo chaguo langu la kwanza kwako. Kama huna, usiingie. Redio hizo mara nyingi huuzwa tupu, na betri na chaja yake huweza kupita bei ya redio.

Vyovyote utakavyochagua, ipende ile inayokubali njia mbili: ya kuchaji na ya betri kavu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na usiku wa namna hiyo mwenye betri kavu kabatini ndiye anayejua kinachoendelea.

Kuhusu sauti nitasema machache. Kinachohitajika kazini ni maneno yasikike wazi, taarifa ya habari, mawaidha, au taarabu ya Juma Bhalo yenye mashairi yake mazima, na hayo hutaka spika ya inchi 3 au 4 iliyo safi. Sabufa huongeza ngurumo tu. Grainda ikiwashwa, zima redio badala ya kuipandisha. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kelele kazini zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8, na redio iliyopandishwa ishinde mashine inaongeza madhara ya sikio juu ya madhara. Mjini humu misikiti imekaribiana, basi kitufe cha sauti kiwe kikubwa, cha kuzungusha, unachoweza kukipata hata mkono ukiwa na chokaa: adhana ikitolewa, unakizungusha mara moja na kazi inatulia. Vitufe vya kubonyeza mara kumi havifai hapa. Na Ramadhani, waliofunga wakiwa juu ya jukwaa, redio hiyo ndogo ndiyo itakayowatangazia magharibi.

Kwa wavuvi na mabaharia wa Bandari ya Kale kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuipita. Redio hii ni ya kusikiza. Itakupa utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya upepo na mawimbi kabla hujatweka, na hilo ni kubwa, lakini haitakuitia msaada. Chombo kinachotoka nje ya mwamba kinahitaji redio ya VHF ya baharini, ambayo chaneli yake ya dharura ni ya 16, megahezi 156.8, na kituo cha kuratibu uokoaji wa baharini cha eneo hili kiko papa hapa Mombasa. Redio za mawasiliano ya pande mbili hutaka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Anayekuuzia redio ya FM kwa kukuambia itakuokoa baharini anahatarisha roho yako.

Siku ya kununua, usiijaribu redio mlangoni pa duka. Omba uingie nayo ndani kabisa, nyuma ya rafu, utafute stesheni iliyo dhaifu kuliko zote unazozitaka. Ile yenye nguvu itasikika hata kwenye redio mbovu. Zungusha kitufe cha sauti polepole usikize kama kinakwaruza. Itikise karibu na sikio: kitu kikicheza ndani, iache. Tazama alama ya KEBS, na namba iliyoko kwenye stika unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 kuihakiki. Kisha, kabla ya kulipa, muulize fundi wa redio wa mtaani kwako kama aina hiyo anaifungua na kama vipuri anavipata. Redio iliyogundishwa kwa gundi badala ya skrubu humrudisha mtu dukani hata kwa swichi iliyokatika.

Ukishaipata, kila jioni ipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu, hasa antena na pembezoni mwa vifuniko. Spring za betri zipake vaselini nyembamba sana pembeni, si pale zinapogusa betri. Betri ya alkali ikivuja, ule unga mweupe uondoe kwa pamba yenye siki au ndimu kidogo, ukaushe kwa spiriti. Na redio isiyotumika kwa zaidi ya juma moja, iwe ni wakati wa kusi mashua zimepandishwa au mjengo umesimama kwa kukosa saruji, itolewe betri zote na kuwekwa juu kabatini, mbali na dirisha linaloelekea bahari.